Kesi ya Maskini si Mazoezi



Miaka michache iliyopita tulimsindikiza mama mmoja mjane wa parokia yetu mpaka tribinali. Mume wake alikuwa amekufa, na ndugu za marehemu walitaka kumtoa katika nyumba pamoja na watoto. Sheria ya jamaa ya nchi yetu, iliyotolewa mwaka 1987, haimwachi mjane mikono mitupu: watoto wa marehemu ndio warithi wa kwanza, na mke aliyebaki ana haki ya kuendelea kukaa katika nyumba aliyokaa na mume wake. Basi tulikwenda bila hofu.

Kijana aliyemtetea alikuwa ametoka chuo kikuu si zamani. Alisimama vizuri, akataja namba za vifungu bila kutazama kitabu. Sisi tuliokaa nyuma tulitazamana kwa furaha. Kisha hakimu akauliza neno moja tu: «Cheti cha kuandikwa kwa ndoa kiko wapi?» Kijana akageuka akamtazama mama. Mama akatutazama sisi. Kesi ikaahirishwa, na katika muda ule wa kungoja ndugu za mume wakaingiza wapangaji katika vyumba viwili vya nyumba.

Jioni tulikaa kwa mama. Akafungua sanduku lake, akaondoa nguo, akatoa karatasi iliyofungwa katika mfuko wa plastiki. Ndiyo cheti chenyewe, chenye muhuri. Tukamwuliza kwa nini hakukileta. Akajibu kwa upole: «Mwalimu, hakuna aliyeniuliza.»

Tangu siku ile tumekuwa na swali moja: mtu hufundishwaje kazi ya avoka? Ndiyo sababu tulipopata habari za shule fulani za sheria huko Marekani, zinazosema kwamba zafundisha kazi yenyewe kwa mikono, tena kwa ajili ya haki ya maskini, tulizisoma kwa tamaa. Mwanzo tulizisifu tu. Leo twataka kuzipima, maana shule yenye jina zuri yafaa ipimwe kama nyingine, hata zaidi.

Kitabu na mtu

Tusidhani kwamba kosa la kijana wetu ni la Kongo peke yake. Gandhi wa Uhindi alisoma sheria mjini London, akapokelewa kuwa avoka mwaka 1891. Aliporudi kwao alipewa kesi ndogo Bombay. Aliposimama kumhoji shahidi, kichwa kikamzunguka, asione neno la kusema. Akaketi, na kesi akaiacha kwa mwingine. Mambo hayo aliyaeleza mwenyewe baadaye, bila kujificha.

Mwaka 1893 akaenda Afrika ya Kusini kusaidia katika kesi ya wafanya biashara wawili. Ilikuwa kesi ya hesabu, naye hakujua namna ya kuandika hesabu za duka. Basi akanunua kitabu cha hesabu, akajifunza kama mtoto, akazichambua karatasi zote moja moja. Mwisho aliwashawishi wenye kesi wakubali kuamuliwa nje ya tribinali, na yule aliyeshinda akubali kulipwa kidogo kidogo ili mwenzake asifilisike. London walimpa sheria. Kesi ya watu ilimpa kazi.

Huko Marekani wenye shule walikuwa na njia yao. Tangu mwaka 1870 Christopher Columbus Langdell, mkuu wa shule ya sheria ya Harvard, alifundisha kwa kusomesha hukumu za zamani: mwalimu auliza, mwanafunzi ajibu, na hivyo kanuni hutolewa katika hukumu kama punje katika ganda. Kwake yeye maktaba ndiyo ilikuwa mahali pa kazi pa mwanasheria. Njia hiyo inanoa akili, nasi hatuidharau. Lakini hukumu iliyochapwa ni kama maji yaliyokwisha kuchujwa. Uwongo wa mashahidi, karatasi zilizopotea, mama asiyethubutu kusema mbele ya watu, yote yamekwisha kuondolewa kabla mwanafunzi hajafungua ukurasa wa kwanza. Anayekunywa maji ya namna hiyo peke yake hawezi kujua mto ulivyo.

Mwaka 1933 avoka mmoja, Jerome Frank, ambaye baadaye alikuwa hakimu, aliandika makala iliyowachoma waalimu wengi. Aliuliza kwa nini shule ya sheria isiwe na kliniki kama shule ya waganga, ambako mwanafunzi humwona mgonjwa kitandani, mwalimu akiwa kando yake. Makala ilisomwa sana. Lakini ilipita miaka karibu 40 kabla shule nzima haijajengwa juu ya wazo hilo.

Shule iliyokuwa pia ofisi

Waliofanya hivyo walikuwa mume na mke, Edgar Cahn na Jean Camper Cahn. Mume alikuwa mzungu wa jamaa ya Kiyahudi, mke alikuwa mweusi; wote wawili walisoma sheria Yale. Mwaka 1964 waliandika pamoja makala wakisema kwamba maskini hahitaji tu kugawiwa msaada kutoka juu: anahitaji avoka wake mwenyewe, karibu na nyumba yake, atakayempa sauti hata mbele ya wale wanaogawa msaada. Mawazo hayo yalisaidia kuzaa ofisi za sheria kwa maskini, zilizoanza kulipwa na Serikali ya Marekani mwaka 1965.

Mahitaji yalikuwa makubwa. Mwaka 1963 tribinali kuu ya nchi ile iliamua kwamba maskini anayeshtakiwa kwa kosa kubwa lazima apewe avoka. Lakini anayefukuzwa katika nyumba kwa deni la kodi hakupewa haki hiyo na hukumu ile. Alisimama peke yake mbele ya avoka wa mwenye nyumba.

Mwaka 1972 wale wawili walifungua shule mjini Washington, Antioch School of Law, chini ya chuo kikuu cha Antioch. Shule ile ilikuwa pia ofisi ya maavoka. Waalimu walikuwa na kesi za kweli za maskini wa mji, na wanafunzi walifanya kazi chini yao: kumsikiliza mtu, kuandika barua, kutafuta mashahidi, kupeleka karatasi tribinali. Tena, kabla ya hayo, mwanafunzi mpya alitumwa kukaa wiki kadhaa katika nyumba ya jamaa maskini ya mji ule. Alikula chakula chao na kulala kwao. Kitabu kilifuata.

Twayasifu nini?

Twausifu kwanza mpango wake: mtu mbele, kifungu baadaye. Wahenga walisema, mzigo wa mwenzio ni kanda la usufi. Usipoubeba hujui uzito wake. Mwanafunzi aliyelala katika chumba kimoja na watoto watano hatashangaa kwamba barua ya tribinali ilichelewa kusomwa. Atajua kwamba mtu akikosa kufika saa mbili asubuhi pengine si kwa dharau; huenda alikuwa amekwenda kibarua. Na huyo, twasadiki, angemwuliza mama yetu mjane habari za sanduku.

Tena twamsifu mwalimu anayetenda anayofundisha. Seremala hafundishi kwa kusema habari za randa, huishika. Katika shule nyingi mwalimu wa sheria aweza kuzeeka bila kusimama tena mbele ya hakimu. Huko Antioch mwalimu alipoteza kesi mbele ya macho ya wanafunzi wake, na hilo ni somo ambalo kitabu hakiwezi kulitoa.

Yanayotutia mashaka

Lakini tusifunike mabaya kwa ajili ya mema. Shaka yetu ya kwanza ni hii. Waarabu wana methali inayosema kwamba kinyozi anayejifunza hutafuta kichwa cha yatima. Tajiri hakubali kutetewa na mwanafunzi. Maskini hukubali, kwa kuwa hana mwingine. Basi shule inayojivunia kufundisha kwa kesi za maskini lazima ijibu swali: mwanafunzi akikosea, nani analipa? Si mwanafunzi, ambaye atapewa alama ndogo tu. Analipa yule anayekuta vitu vyake njiani.

Wenye shule hujibu kwamba mwanafunzi hasimami peke yake. Kanuni za tribinali huko zinataka awe chini ya avoka mwenye ruhusa, anayejibu kwa kila neno. Jibu ni jema. Lakini lina uzito wa mwalimu mwenyewe. Katika darasa la maneno mwalimu mmoja aweza kufundisha watu mia. Katika kliniki, akiwa na wanafunzi wengi, hawezi tena kusoma kila karatasi kabla haijatoka. Hapo kliniki hugeuka kuwa kinyozi wa yatima, hata kama moyo wa kila mmoja ni safi. Tena kuna jambo dogo lisilosemwa sana: mwaka wa masomo huisha, na kesi haiishi. Mwanafunzi aenda likizo. Hakimu apanga siku katika likizo ileile.

Shaka ya pili ni juu ya zile wiki za kukaa kwa maskini. Twazisifu, nasi twazionya. Mgeni ajua siku yake ya kuondoka. Mwenyeji hana siku hiyo. Kijana akidhani amekwisha kuujua umaskini kwa kuwa ameuonja kwa muda, atakuwa hatari kuliko yule asiyejua kitu, maana ataacha kuuliza.

Shaka ya tatu ni juu ya elimu yenyewe. Mwaka 1983 chuo kikuu cha mji wa New York kilifungua shule ya sheria ya namna hii katika mtaa wa Queens, na neno lake la kujitambulisha ni kwamba sheria itumikie mahitaji ya watu. Wengi wa wanafunzi wake wa kwanza walianguka katika mtihani wa Serikali unaompa mtu ruhusa ya kuwa avoka. Wapo waliosema kwamba mtihani ule haupimi mema waliyojifunza. Yawezekana. Lakini mjane hawezi kutetewa na mtu ambaye tribinali haimpi nafasi ya kusema. Shule ile haikukaa na kulaumu mtihani. Iliongeza mafundisho ya kuwatayarisha wanafunzi wake, nayo inaendelea mpaka leo. Hapo twaona hekima: aliyechagua kuwatumikia maskini amejifunga kusoma zaidi, si kusoma kidogo.

Hatimaye, fedha na ugomvi. Kufundisha kwa namna hii ni ghali. Wale Cahn walishindana na wakubwa wa chuo kikuu chao juu ya nani atawale fedha za shule. Jambo likafika tribinali, nao wakaondolewa mwaka 1980. Baadaye chuo kikuu kikaamua kuifunga shule, ikafungwa mwaka 1988. Watu wa Washington hawakukubali ife kabisa: baraza la mji liliiweka nyingine mahali pake, na mwaka 1996 ikaunganishwa na chuo kikuu cha mji. Shule hiyo kwa miaka mingi ilidai kila mwanafunzi afanye saa 700 za kazi ya kliniki kabla ya kumaliza. Tuone basi: nyumba ilianguka, msingi ukabaki. Lakini tusisahau kwamba mteja mwenye kesi hangoji wakubwa wapatane.

Makosa 1,500

Kuna kesi moja ya mji uleule wa Washington, iliyoamuliwa mwaka 1970, kabla ya Antioch kufunguliwa. Sisi twaiona kuwa kipimo kizuri cha shule zote mbili, ile ya kitabu na ile ya mikono. Wapangaji wa nyumba kubwa iitwayo Clifton Terrace walishtakiwa kwa kutolipa kodi. Wao wakasema: nyumba imeharibika. Walitaka kuonyesha makosa karibu 1,500 ya kuvunja kanuni za nyumba za mji. Tribinali ya kwanza haikutaka kusikia: kodi ni kodi, mengine si kazi yetu. Hayo ndiyo yalikuwa mafundisho ya zamani, yaliyotoka wakati ambapo mpangaji alikuwa mkulima, akakodi shamba, na kibanda akakitengeneza mwenyewe.

Kesi ikapanda juu. Hakimu J. Skelly Wright akaandika kwamba mtu wa mjini hakodi udongo. Anakodi mahali pa kukaa, penye maji, joto, mwanga na milango inayofungwa. Basi mapatano ya nyumba ni kama mapatano mengine: mwenye nyumba akivunja upande wake, hawezi kudai upande wa mpangaji kama kwamba hakuna lililotokea. Hukumu ile iliwafaa wapangaji wengi wa nchi ile.

Haya, tufikiri. Ili kesi ile isimame, zilihitajika akili mbili. Ya kwanza ni ile ya kujua nyumba yenyewe, kosa kwa kosa, mpaka hesabu ifike 1,500. Hiyo ni kazi ya mikono na miguu, wala haimo katika maktaba. Ya pili ni ile ya kujua sheria ya mashamba ya zamani na sheria ya mapatano ya biashara, na kuonyesha kwamba moja haifai tena na nyingine yafaa. Hiyo haipatikani kwa kulala katika nyumba ya maskini, hata ukilala mwaka mzima. Ukiondoa ya kwanza, wabaki na maneno mazuri kama yale ya kijana wetu. Ukiondoa ya pili, wabaki na malalamiko 1,500 na amri ya kuhama.

Hapo ndipo tunapokosana na wanaosifu bila kupima, na pia na wanaocheka. Shule ya mikono na haki si shule nyepesi. Ni shule nzito mara mbili. Anayeingia humo akikimbia vitabu amekosa mlango. Na anayebaki katika vitabu akiogopa sanduku la mjane, naye amekosa.

Leo huko Marekani wazo hili si la shule chache tena. Mwaka 2014 chama kikubwa cha maavoka wa nchi ile, kinachokubali au kukataa shule za sheria, kiliweka kanuni kwamba kila mwanafunzi apate sehemu ya masomo yake katika kliniki, au kazini chini ya msimamizi, au katika mazoezi ya namna ya kazi yenyewe. Ni sehemu ndogo, lakini ni ya lazima.

Na sisi?

Katika parokia zetu kuna vijana wanaosoma sheria. Wazazi wao wameuza mbuzi na mashamba ili wapate minervali. Hatuwaambii waende Washington. Twawaambia kwamba kliniki yaweza kuanza karibu. Mwanafunzi wa sheria akiwa likizoni, akae nusu siku nje ya tribinali ya amani, atazame watu wanaorudishwa kwa kukosa karatasi moja. Ahesabu, aandike, kisha aulize waalimu wake kwa nini. Akitaka kusaidia, asisaidie peke yake. Atafute avoka au mtetezi mwenye ruhusa atakayetia jina lake chini ya kazi ile.

Na ninyi mnaoletewa msaada wa bure, msione haya kuuliza. Ulizeni: nani anasimama nyuma ya kijana huyu? Akiondoka, nani ataishika kesi yetu? Je, amesikiliza habari yetu mpaka mwisho kabla ya kufungua kitabu? Msaada wa bure si zawadi isiyopimwa. Maskini aliyetetewa vibaya amepotezewa haki yake kama aliyenyang'anywa, wala haimfai kitu kwamba aliyemtetea alikuwa na nia njema.

Yule mama alirudi tribinali na cheti chake. Nyumba ilibaki yake na watoto, lakini vile vyumba viwili alivipata baada ya mwaka na zaidi, na kodi ya muda ule hakuiona. Kijana naye twakutana naye mara kwa mara. Amekuwa mtetezi mzuri. Siku hizi, mteja akija, neno lake la kwanza ni: «Mama, nyumbani kuna karatasi gani?»

Amejifunza kweli. Lakini minervali ya somo lile ililipwa na mjane.